Ngome ya Yesu, 1696–1698: mbona mzingiro ulichukua miezi 33?

Swali: "Nilizuru Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mpwa wangu. Kijana aliyetutembeza alitueleza kwamba Waomani waliizingira karibu miaka mitatu kabla ya kuwatoa Wareno. Mpwa wangu akaniuliza jambo lililonishinda kulijibu. Ikiwa Waomani walikuwa na merikebu na maelfu ya askari, na mji wote walishauteka, mbona boma moja tu liliwachukua muda wote huo? Na Wareno wa Goa, waliokuwa na manowari, mbona hawakuja kuwaokoa wenzao?"

Jibu:

Ahsante kwa swali, na mpe mpwa wako salamu zangu, maana ameligusa pale penyewe. Wengi huzitazama kuta zile nene wakadhani habari yote ni mizinga. Mizinga ilikuwapo na ilipigwa sana, lakini mzingiro huu uliendeshwa na pepo mbili, kaskazi inayovuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi inayovuma kutoka kusini, na ukaamuliwa na maradhi. Tena Wareno wa Goa, makao yao makuu huko India, walikuja. Kuja kwao ndiko kulikourefusha.

Tuanze na mahali penyewe. Kisiwa cha Mombasa kimeingia ndani ya bara, maji yakikizunguka kwa pande mbili. Upande mmoja ni mkono wa bahari unaopita Bandari ya Kale kuelekea Tudor, upande wa pili ni Kilindini. Nyuma ya kisiwa, pale Makupa, enzi hizo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu kutoka bara. Wareno waliijenga ngome kuanzia 1593, baada ya Mir Ali Bey, nahodha Mturuki, kuja pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580 na kupokewa vizuri na miji mingi. Mchoro ulikuwa wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na mahali palipochaguliwa ni kwenye mdomo wa Bandari ya Kale, juu ya mwamba wa matumbawe. Chombo chochote kilichotaka kuingia bandarini kililazimika kupita chini ya mizinga yake.

Buruji zake, yaani pembe za ukuta zilizotokeza nje, ni nne: São Filipe na São Alberto zinazotazama bara, São Mateus na São Matias zilizo upande wa bahari. Kila moja imewekwa ili askari wake waweze kumpiga adui aliyefika chini ya ukuta wa jirani yake. Sehemu kubwa ya chini ya kuta hizo haikujengwa kwa mawe. Ni mwamba wenyewe uliochongwa ukaachwa umesimama, na upande wa bara ukachimbiwa handaki. Matumbawe yana sifa moja ambayo askari wa zamani waliijua vizuri: tufe la mzinga likiyapiga, aghalabu huzama badala ya kuyapasua. Kwa mizinga ambayo Waomani waliweza kuishusha kutoka merikebuni na kuiburuta mjini, kuubomoa ukuta ule ilikuwa kazi ya kutumaini zaidi kuliko kazi ya hesabu.

Na kuna jambo moja zaidi kuhusu jengo hilo ambalo watembezi huliruka. Upande wa bahari ipo njia iliyokatwa kupitia mwamba, inayoshuka kutoka ngomeni hadi majini. Mashua ingeweza kufika pale usiku, ikashusha watu, mchele na baruti bila kukanyaga mji. Ukitaka kujua ngome iliishije miezi 33, njia hiyo ni nusu ya jibu.

Merikebu za Oman zilitokea mbele ya Mombasa tarehe 13 Machi 1696, zimetumwa na Imamu Saif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, zikiwa na askari wapatao 3,000. Itazame tarehe hiyo kama baharia. Machi ni mwisho wa kaskazi. Chombo kilichotoka Muscat kimekuja na upepo mgongoni, na wiki chache baadaye upepo unageuka. Yeyote aliye Goa na anayetaka kuja Mombasa amechelewa. Itambidi angoje kaskazi ijayo, yaani Novemba au Desemba.

Habari zenyewe za mzingiro nazo zilihitaji upepo ili zifike Goa. Kusi ndiyo inayopeleka vyombo India, lakini kati ya Juni na Agosti mvua na mawimbi hupiga pwani ya magharibi ya India kwa ukali kiasi kwamba mlango wa Goa ulikuwa ukifungwa kabisa. Ukiikosa kusi ya mwanzo, wasubiri demani, yaani mwisho wa kusi upepo unapopungua. Kwa hiyo barua inayosema "tumezingirwa" na merikebu inayokuja kuijibu zilitenganishwa na miezi minane au tisa hata pale ambapo kila mtu alifanya kazi yake kwa bidii. Siamini kwamba Waomani waliuangukia mwezi wa Machi kwa bahati. Walikuwa wakisafiri na pepo hizi kabla Wareno hawajazijua, na walifika wakati ule ambao ungewapa muda mrefu zaidi bila kuingiliwa.

Ndani ya ngome, kapteni João Rodrigues Leão alikuwa na Wareno kati ya 50 na 70. Pamoja nao waliingia watu wa pwani wapatao 1,500, wanaume, wanawake na watoto. Hapa naomba msomaji wangu asimame kidogo, kwa sababu hadithi inayosimuliwa mara nyingi ni ya Wareno ndani na Waarabu nje, na Waswahili hawamo. Waswahili walikuwamo pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na sababu zake.

Watu wa Mombasa walikuwa wamechoshwa na kodi na dhuluma za makapteni wa ngome, na walikwisha kuomba msaada Oman. Pate, mji wa visiwa vya Lamu, ilikuwa na kidonda kibichi zaidi. Mnamo 1678–79 mtawala mkuu wa Wareno wa India, Pedro de Almeida, alikuja na manowari hadi Pate na akawaua watawala wa Pate, Siyu, Lamu na Manda. Faza, iliyo kisiwa kimoja na Pate na mshindani wake wa tangu hapo, ilisimama na Wareno. Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma, naye alituma chakula ngomeni. Vita vilipokwisha alilipia msimamo huo kwa kupelekwa Oman. Kila mji ulikuwa ukimpima jirani yake kwanza, kisha ndiyo ukamchagua mgeni wa kusimama naye.

Sasa turudi kwenye bahari. Waomani waliushika mji bila taabu kubwa, wakaishika Makupa, wakaweka mizinga mjini na ng'ambo ya bandari. Lakini mdomo wa bandari hawakuweza kuuziba. Ili kuuziba kwa merikebu, ingewabidi watie nanga mbele ya ngome na kukaa pale mchana na usiku chini ya mizinga iliyo juu yao. Merikebu ya mbao, iliyosimama, ikipigwa kutoka juu ya mwamba, haina maisha marefu. Na ikitia nanga mbali nje ya miamba, wakati wa kusi bahari ile haivumiliki. Matokeo yake ni mzingiro uliofungwa barabara upande wa nchi kavu na uliobaki wazi nusu upande wa bahari. Kwa nusu hiyo ngome ilipumua.

Msaada wa kwanza mkubwa kutoka Goa ulifika siku ya Krismasi, 25 Desemba 1696. Kapteni Leão hakuuona. Alikwisha kufa mwezi wa Oktoba, na nafasi yake ikachukuliwa na António Mogo de Melo. Mashua zilishusha askari na vyakula huku zikipigwa kutoka pande zote mbili za maji. Ungedhani hapo mambo yangegeuka. Waliokuja, hata hivyo, walikuwa wachache mno kuwatoa Waomani mjini, na wengi mno kwa nafasi na maji yaliyokuwamo ndani. Baada ya wiki chache merikebu ziling'oa nanga zikaelekea Msumbiji. Askari wapya walibaki, na maradhi yakawakuta wote.

Mwaka 1697 ndio moyo wa mkasa huu. Mamia ya watu waliishi miezi mingi kwenye uwanja unaoweza kuuvuka kwa dakika moja au mbili, jua la pwani juu, mvua za masika baadaye, maji ya kupimiwa, chakula kilekile cha nafaka kavu, na maiti zisizo na pa kuzikwa ila palepale. Maradhi yaliwaua kwa wingi ambao mizinga haikuukaribia kamwe. Askari walikufa, familia zilizokimbilia humo zikafa, makasisi wakafa. Mwishoni mwa Agosti 1697 Mogo de Melo naye alikufa, na hapakubaki afisa wa Kireno wa kushika amri.

Amri ikashikwa na Bwana Daud, mwana wa ukoo wa watawala wa Faza, Mswahili na Mwislamu. Kwa majuma kadhaa ngome iliyojengwa kuwatisha watu wa pwani ililindwa na mtu wa pwani, akiwa na jamaa zake wachache pamoja na wanawake Waafrika wapatao 50 waliofundishwa kutumia bunduki na kusimama zamu ukutani. Waomani hawakujua jinsi walinzi walivyopungua, na walioisimamia ngome walihakikisha hawajui. Nimesoma habari za mizingiro mingi ya zama za matanga, na sijui wa pili ambao watetezi wake wa mwisho walikuwa watu ambao utawala wenyewe haukuwahesabu kuwa askari. Wanawake wale hawana majina katika kumbukumbu, na hilo linaniuma. Bwana Daud jina lake tunalo, lakini uliza vijana mjini Mombasa leo, wengi watakutajia Vasco da Gama kabla yake.

Unaweza kujiuliza kwa nini hakufungua lango. Kumbuka Pate na Faza. Kwa Bwana Daud, ushindi wa Oman ulikuwa na maana ya ushindi wa Pate, na kurudi nyumbani chini ya adui wa jadi hakukuwa kurudi nyumbani. Sioni haja ya kumwita kibaraka wala shujaa wa Wareno. Alikuwa akipigania Faza, akiwa amesimama Mombasa.

Katikati ya Septemba 1697 tanga zilionekana tena. Merikebu za Wareno zilirudi, safari hii zikitoka kusini kwa upepo wa kusi. Askari wapya wakashushwa, na ngome ikapata kapteni mpya, Leonardo Barbosa Soutomaior. Kati ya merikebu hizo ilikuwamo Santo António de Taná, iliyoundwa Bassein, India, takriban 1681, yenye mizinga zaidi ya 40.

Kilichoipata merikebu hiyo kinajibu sehemu ya pili ya swali lako kuliko maelezo yoyote ya siasa. Ilitia nanga mbele ya ngome ili mizinga yake isaidie kulinda mteremsho wa watu na vitu. Pale ni mahali pembamba, mkondo wa maji ni mkali wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na mizinga ya Waomani iko karibu pande zote. Amari zake, yaani kamba za nanga, zilikatika, ikachukuliwa na maji kuelekea kwa adui, ikagonga mwamba, usukani ukang'oka. Wareno walifanikiwa kuivuta tena hadi chini ya ngome, wakapakua walivyoweza, na mwezi wa Oktoba ikazama hapohapo. Hivyo ndivyo bandari ya Mombasa ilivyokuwa kwa mwokoaji: kufika uliweza, kukaa ilikuwa gharama ambayo nahodha yeyote mwenye akili aliihesabu mara mbili. Merikebu zilizobaki ziliondoka. Mji ukabaki kwa Waomani.

Goa nayo haikuwa tena ile ya karne iliyotangulia. Wareno walikwisha kupoteza Hormuz mwaka 1622, Muscat yenyewe mwaka 1650, Colombo mwaka 1656, Cochin mwaka 1663. Askari waliofika kutoka Lisbon walikuwa wachache, na wengi walikufa kwa homa kabla ya kupanda merikebu nyingine. Vyombo vilivyokuwapo vilihitajika pia kulinda pwani ya India dhidi ya Waomani haohao, ambao tangu kuitwaa Muscat walijijengea nguvu za baharini kwa kutumia hata merikebu walizoziteka kwa Wareno. Kumpelekea kapteni wa Mombasa askari mia mbili kulikuwa na maana ya kuwatoa mahali pengine penye hatari. Kwa hiyo kila msaada uliokuja ulitosha kuizuia ngome isianguke, na haukutosha hata mara moja kuuvunja mzingiro.

Na Waomani je, mbona hawakuparamia tu? Walijaribu, wakarudishwa. Kupanda ngazi juu ya ukuta ule, buruji mbili zikikupiga ubavuni, ni kazi inayokula watu, na kila aliyekufa mrithi wake alikuwa Muscat, akingojea kaskazi kama Wareno walivyongojea. Imamu alikuwa na sababu ya kusubiri: mji ulikuwa wake, chakula cha pwani na bara kilimfikia, na kila mwezi uliopita ulimpunguzia adui bila yeye kupoteza mtu. Waliokuwa ndani walikufa haraka kuliko walivyoletwa wengine.

Mwaka 1698 ulikwenda hivyo hadi mwisho. Kufikia Desemba, waliobaki ngomeni hawakufika 20. Usiku wa kuamkia 13 Desemba 1698, Waomani waliweka ngazi, wakapanda, na safari hii hapakuwa na watu wa kutosha kusimama pande zote za ukuta. Kapteni Soutomaior aliuawa humo. Ilikuwa miezi 33 kamili tangu siku ya kwanza. Siku chache baadaye merikebu nyingine za msaada zilifika kutoka Goa na kaskazi mpya, zikaiona bendera nyekundu ya Oman juu ya ngome, zikageuza.

Ukitaka kulinganisha, tazama Kisiwa cha Msumbiji. Waholanzi waliizingira ngome ya São Sebastião mwaka 1607 chini ya Paulus van Caerden, na tena mwaka 1608 chini ya Pieter Verhoeff. Walikuwa na merikebu nyingi nzuri na mizinga mikubwa kuliko ya Waomani, na walishindwa mara zote mbili, kila mara baada ya majuma machache tu. Walikuwa wapita njia. Askari wao waliugua, upepo wa kwenda India haukungoja, na mizigo ya biashara ilikuwa mbele yao. Waomani waliweza kule Waholanzi waliposhindwa kwa sababu walikuja kukaa, wakiwa na wenyeji waliowaita na mji wa kuishi ndani yake. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ina uzito kuliko idadi ya mizinga.

Wareno waliirudisha ngome mwaka 1728 bila mzingiro wa maana, wakati Oman ilipokuwa imeraruka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Safari hii hawakudumu. Mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe waliinuka, wakazuia chakula kisiingie, na kufikia Novemba askari wa ngome wakasalimu amri. Hapakuwa na Faza ndani wala Malkia Fatuma wa kuleta nafaka. Kisha zama za matanga zikapita. Januari 1875, Akida, mkuu wa askari wa ngome, aliyekuwa amejifungia humo akimkaidi Sultani wa Zanzibar alipigwa na manowari za Waingereza zilizokuwa na mashine za mvuke, ambazo hazikungoja upepo wa mtu, na mambo yakaisha siku ileile.

Mkirudi ngomeni na mpwa wako, nendeni kwenye makumbusho ya ndani mkaulizie vitu vya Santo António de Taná. Mabaki yake yalichimbwa chini ya bahari kuanzia 1977 hadi 1980 na wanaakiolojia wa majini wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na vyombo vingi vilivyotolewa vimehifadhiwa humo. Ulizieni pia michoro ya ukutani iliyotoka buruji ya São Mateus, ambamo askari wa Kireno walichora merikebu kwa mkono. Halafu shukeni upande wa bahari, mumwonyeshe kijana mahali mashua zilipofikia na umbali wa ng'ambo ilipokuwa mizinga ya Waomani. Akiliona pengo lile kwa macho yake, maswali mengine atayajibu mwenyewe.